Fimbo ya Mchunga Ndama

Ninyi mliotoka chuoni juzi mkapangiwa kazi za uvuvi kandokando ya ziwa, mkiniuliza fimbo ya kuvulia ukiwa kwenye kayaki iwe na urefu gani, nitawajibu bila kumung'unya maneno: simama wima, isimamishe mbele yako, isizidi kidevu. Mkiniuliza ilinichukua muda gani kulijua hilo, nitajifanya sijasikia vizuri. Nimestaafu, nina haki ya kutosikia vizuri.

Ninaishi Bariadi sasa, njia ya kwenda Kasoli, mahali ambapo maji ya karibu ni ya bomba na hata hayo huja kwa zamu. Jirani zangu ni watu wa pamba. Wakisikia kwamba kule nilikotoka niliitwa Bwana Samaki, wanadhani nilikuwa muuza samaki, nami sibishi. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi sikuwa na hakika kazi yangu ilikuwa ipi: kulinda samaki, kulinda watu, au kulinda makaratasi. Nimezaliwa Kondoa, ambako hakuna maji ya kumzamisha bata. Chuoni nikasomea mabwawa. Halafu nikapelekwa kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kupakulia samaki, upande wa Mwamanyili, niwafundishe kuvua watu waliozaliwa ziwani. Fikirini wenyewe.

Aliyenifundisha ziwa ni mzee mmoja aliyeitwa Masanja. Nyumbani alikuwa na ng'ombe wachache, na ziwani alikuwa na kokoro. Kokoro ni ule wavu mrefu wa kuburuta hadi ufukweni, unaozoa samaki mkubwa, mtoto wake na mayai yao, na sheria imeupiga marufuku. Kwa hiyo mwalimu wangu alikuwa mhalifu wangu. Wiki ya kwanza nilizunguka na daftari nikiuliza watu maswali, wakanikwepa kama mtoza ushuru. Masanja akaniita pembeni.

"Bwana Samaki, hapa huanzi na daftari. Unaanza na salamu: mwangaluka asubuhi, mwadila mchana. Mtu akijibu mhola, unakaa. Unauliza ng'ombe, unauliza watoto. Ukishachoka kukaa, ndiyo uulize samaki."

Nilifanya hivyo na watu wakaanza kunijibu. Alinifundisha pia kwamba asubuhi upepo hutoka nchi kavu na mchana hugeuka ukatoka ziwani, na kwamba mtu mwenye akili anakuwa amerudi kabla haujageuka. Alinionyesha mahali maji yanapobadilika rangi, pembeni ya mafunjo, ambapo sangara husubiri furu, wale samaki wadogo, wajichanganye. Hakuna kitabu nilichosomeshwa chenye hayo.

Na mimi ndiye niliyechoma kokoro lake. Doria ilikuja, nikiwa mwenyeji wao, nikapewa kiberiti. Masanja alisimama pembeni mikono nyuma. Mkuu wa doria alimwambia mbele yangu kwamba safari hii wanamsamehe kwa umri wake, lakini wakimkuta tena na kokoro ni jela. Kesho yake akaniletea maziwa, kama alivyozoea. Niliyanywa yale maziwa nisijue nakunywa nini: msamaha, kejeli, au maziwa tu. Sikuthubutu kumuuliza.

Ndiyo maana kayaki zilipokuja nilizipokea kwa mikono miwili. Zilikuwa nne, za plastiki ya rangi ya chungwa, za mradi fulani uliotaka watu waache kokoro wavue kwa ndoano. Si mtumbwi wa kuingia ndani; unakaa juu yake, miguu mbele, makalio karibu yaguse maji. Watu wa mwalo walizitazama wakacheka, wakaziita ndala. Nikamwambia Masanja kwamba ndala moja ni yake, na kwamba kwa ndoano atawalisha watoto bila kukimbia doria tena. Niliahidi kitu nisichokijua. Msije mkafanya hivyo.

Pamoja na ndala lilikuja boksi la fimbo. Nilifungua mbele ya wanaume wa mwalo, maana nilitaka sherehe kidogo. Zilikuwa fimbo nne, nyeusi, nzuri, kila moja na kile kigurudumu cha kukunjia mshipi ambacho sisi tulikiita mashine. Na zilikuwa fupi.

Sasa lazima muelewe. Pale mtu mzima mwenye ng'ombe hushika fimbo ndefu. Fimbo fupi ni ya mtoto mdogo anayechunga ndama nyuma ya nyumba. Masanja aliishika ile fimbo, akaisimamisha chini, ikamfika kidevuni. Akaniangalia kwa huruma.

"Bwana Samaki, hii ni fimbo ya mchunga ndama. Mimi nina wajukuu."

Wote wakacheka, nami nikaona haya. Na badala ya kusema sijui, nikasema neno ambalo lilinigharimu mwaka mzima. Nilisema, "Hizi ni nusu. Nusu nyingine haijafika."

Sikudanganya kwa makusudi. Nilipolisema niliona linaingia akilini. Picha zote za wavuvi nilizowahi kuona walikuwa na fimbo ndefu, wamesimama kwenye boti au ukingoni mwa mto. Fupi ile ingekuwaje nzima? Nikaandika barua kwa wakubwa wangu kuulizia vipande vilivyobaki. Jibu likaja, lenye mhuri: vipande vilivyobaki vinafuatiliwa. Nilifurahi sana. Kumbe yule aliyejibu alikuwa hajui lolote kama mimi; aliona neno vipande, akafuatilia vipande. Ndivyo ofisi zinavyofanya kazi, mtaliona hilo.

Baada ya miezi mingi vipande vikafika. Zilikuwa fimbo nne nyingine, za aina ileile, urefu uleule, ila hazikuwa na mashine. Kila moja ilikuwa na mpini wake wa sponji. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angejiuliza: umeona wapi mkuki wenye mipini miwili? Mimi nilijiuliza, kisha nikajijibu kwamba wazungu wana mambo yao. Tukakaa chini na Masanja, tukaunganisha mpini wa fimbo moja na ncha ya nyingine. Kwa kuwa ncha ni nyembamba na mpini ni mnene, tukaweka banzi kama unavyofunga mguu wa mbuzi uliovunjika, tukazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mshipi tukaupitisha kwenye vijipete vyote hadi juu. Tukapata fimbo moja ndefu kuliko mtu, yenye nundu katikati. Masanja akaishika, akanyoosha mgongo, akasema, "Hapa sasa."

Niliandika ripoti kwamba vifaa vimekamilika.

Siku aliyoingia nayo majini mwalo wote ulikuwa ufukweni. Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia. Alipiga kasia hadi pembeni ya mafunjo, na tayari fimbo ikaanza kumsumbua: mara inanasa kwenye mafunjo, mara anaivutia nyuma inamgonga kofia. Akatupa ndoano yenye furu hai. Haikupita muda sangara akameza, sangara wa maana, na watu wakapiga vigelegele. Masanja akakunja mshipi hadi samaki akatokea juu. Na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kile ambacho barua zote hazikuniambia.

Ukiwa umesimama kwenye mtumbwi una kimo, una mwenzako wa kukunyakulia samaki. Kwenye kayaki umekaa chini kama mtoto kwenye beseni, na uko peke yako. Fimbo ndefu inamleta samaki chini ya ncha yake, na ncha iko mbali. Masanja alikuwa na samaki aliyemwona lakini hamfikii. Akiinua fimbo, samaki ananing'inia kule. Ili amvute karibu ilimbidi arudishe fimbo nyuma ya bega hadi mwili wote ulale, na ile nundu yetu ikawa inamvutia chini upande mmoja. Sangara akapita chini ya ndala, akatokea upande wa pili. Mkono ukafuata fimbo, bega likafuata mkono. Ndala ikapinduka.

Alikuwa amevaa boya la kujiokolea, lakini mshipi ulimzunguka, na kwa kitambo tukaona ndala tu, tumbo juu. Mimi nilikimbia majini. Maji yalifika magotini, kiunoni, kifuani, na hapo nikasimama, kwa sababu sijui kuogelea. Bwana Samaki mzima, nimesimama kifuani kwenye maji nikipiga kelele jina la mtu. Mtumbwi uliokuwa unarudi ukamwokota. Kati ya aibu zote nilizowahi kupata kazini, ile ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Walipomlaza ufukweni alitema maji, akakohoa, akanitazama.

"Kokoro langu ulilichoma," akasema. "Na mimi ulitaka kuniloweka?"

Baadhi walicheka. Yeye hakucheka. Maziwa hayakuja kesho yake, wala keshokutwa.

Wiki iliyofuata mke wake, Mama Kulwa, alinikuta ofisini mchana. Alikaa kwenye benchi, tukasalimiana mwadila na mhola, nikauliza ng'ombe, nikauliza watoto. Nilikuwa nimejifunza. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Mzee anashona. Kule nyuma ya zizi. Mimi sijakwambia."

Nilielewa. Alikuwa anashona kokoro jipya.

"Wakimkuta safari hii ni jela," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Lakini ukienda kumkamata wewe, nitakuwa nimemfunga mimi. Usipoenda, atakamatwa na wengine. Bwana Samaki, nimechanganyikiwa gete, kabisa."

"Hata mimi, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha yao.

Alisubiri nimwambie la kufanya. Sheria ilikuwa wazi, niliijua kwa vifungu: nichukue mgambo, niende nyuma ya zizi siku hiyohiyo. Sikwenda. Wala sikuamua kutokwenda. Nilipanga makaratasi ya mezani, nikayapangua, nikayapanga tena mpaka muda wa kazi ukaisha. Kama kuna kitabu kinachomwambia mtumishi afanye nini akiwa anampenda mtu anayepaswa kumkamata, nitumieni.

Asubuhi yake nilivaa maboya mawili, moja juu ya jingine, nikachukua ndala na fimbo ile ndefu nikaingia majini peke yangu. Msiniulize nilitarajia nini. Nadhani nilitaka kama kuna mtu wa kupinduliwa tena basi awe mimi. Sikwenda mbali, kiasi cha mtu wa ufukweni kunisikia nikilia.

Samaki akala. Hakuwa mkubwa, lakini kwa mtu wa Kondoa alikuwa nyangumi. Nikavuta, na nikavuta vibaya, na mpira wa tyubu ukafunguka. Nusu ya juu ya fimbo ikachomoka, ikateleza kwenye mshipi, ikashuka majini kuelekea kwa samaki. Nikabaki na nusu ya chini mkononi, ile yenye mashine, ile fupi ya aibu. Nilifumba macho nikangoja kupinduka.

Sikupinduka. Kiwiko changu kilikuwa kimegusa mbavu, na mvuto wote wa samaki ulikuja kwenye tumbo langu badala ya kunivuta nje ya ndala. Samaki alipopita upande wa pili niliingiza ncha majini, nikaizungusha mbele ya ndala, fimbo ikapita bila kunigeuza. Nikakunja mshipi. Samaki akaja hadi pajani kwangu, pajani kabisa; nikashika fimbo kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikamshika samaki mdomo. Nilikaa pale nimemkumbatia nikijisemea kwa sauti, "Ni nzima. Ilikuwa nzima tangu mwanzo." Sikujua nicheke au nilie. Mwaka mzima nilikuwa nikitafuta nusu ya kitu kizima.

Hapo ndipo mtaona kazi yenu ilivyo. Kulijua jambo ni robo tu. Nilikwenda kwa Masanja siku hiyohiyo, nguo mbichi, samaki mkononi, nikamkuta zizini. Mama Kulwa alikuwa anakamua, na Masanja alikuwa anamzuia ndama asimalize maziwa ya mama yake. Nikaanza kueleza habari za mvuto na kiwiko. Akanipa mgongo. Kila nilivyozidi kueleza nilizidi kujichanganya, hadi nikaacha.

Nikabaki namtazama tu. Ndama alikuwa msumbufu, anaruka huku na huku. Masanja alikuwa na kijiti kifupi, akimgusa nacho puani, na mkono wake wa pili ulikuwa shingoni mwa ndama.

"Mzee," nikasema, "mbona hukuchukua fimbo yako ndefu?"

"Ya nini? Ndama yuko hapa. Ile ndefu ni ya ng'ombe aliye kule." Akaonyesha kwa kidevu. "Huyu ukimchukulia ndefu utampiga mama yake. Huyu anataka mkono..."

Akaishia hapo. Alimtazama yule samaki wangu, akatazama kijiti, akatazama samaki tena. Mama Kulwa aliacha kukamua. Masanja hakuniambia kwamba ameelewa, na mimi sikusema neno, na nadhani hilo la kutosema neno ndilo jambo la busara pekee nililofanya mwaka ule.

Kesho yake alikuja kuchukua fimbo fupi. Alipita mbele ya wanaume wa mwalo akiwa ameibana kwapani. Mmoja akamuuliza kama anakwenda kuchunga ndama, naye akajibu, "Eee, ziwani." Hakupata kitu siku ile. Siku ya pili hakupata kitu. Siku ya tatu alirudi na sangara mmoja, mwenyewe mkavu na kofia yake kavu. Nilitaka kusherehekea, lakini nilijua nyuma ya zizi kulikuwa na nini, na sikujua kama bado anashona. Nilihesabu siku nikiogopa doria. Kila nikisikia mngurumo wa gari nilitoka nje.

Katika siku zile tulijifunza pamoja yale ambayo ninyi mnaweza kuyapata hapa bure. Fimbo ifungwe kwa kamba kwenye kiti, maana kitu kisichofungwa kwenye kayaki ni cha ziwa. Ukipiga kasia, ilaze mapajani. Ndefu hailali, itanasa kwenye magugu. Usiinue samaki kwa fimbo, mlete kwa fimbo na umwinue kwa mkono. Usigeuke nyuma kwa bega, geuza kayaki yenyewe. Iwe fupi lakini isiwe fupi mno, maana lazima ncha iweze kuzunguka mbele ya kayaki samaki akihama upande. Na ukiona kitu cha kazi kimekuja tofauti na ulivyodhani, kwanza kitumie kilivyo. Mimi hilo la mwisho nalijua kwa barua mbili na mhuri.

Kisha ikafika asubuhi moja, mvua imekatika, Masanja akaja ofisini na baiskeli. Nyuma yake alifunga gunia kubwa. Alilishusha mwenyewe, akaliburuta hadi ndani, akalifungua. Lilikuwa kokoro, jipya, limekamilika, na maboya yake yote. Ilikuwa kazi nzuri sana ya mikono. Nikafunga mlango.

"Fimbo imekushibisha?" nikamuuliza.

"Tusidanganyane, Bwana Samaki. Wiki nzima nimepata sangara wawili na sato wa kula nyumbani. Hili lingenipa zaidi ya hapo kwa asubuhi moja. Fimbo yako sijui kama itanilisha. Sijui gete."

"Basi mbona umelileta?"

Alivua kofia, akaigeuzageuza.

"Nikikamatwa nalo, utakayeitwa kunifunga ni wewe. Siku ile nazama, kichwa kilitoka juu mara moja, nikakuona. Umesimama ndani ya maji hadi kifua. Wewe, mtu usiyejua kuogelea." Akavaa kofia tena. "Nikasema huyu bwana sitampa kazi hiyo."

Mimi mwezi mzima nilikuwa nakumbuka mahali niliposimama. Yeye alikuwa anakumbuka mahali nilipofika. Nikamimina chai vikombe viwili.

Lakini kokoro lilikuwa sakafuni, na kokoro likiingia ofisini lazima liandikwe. Fomu ina mstari wa jina la aliyekutwa nalo, na jina hilo ni kesi. Mwenye kokoro alikuwa mbele yangu anapuliza chai. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilifikiria kiapo cha utumishi, nikamfikiria Mama Kulwa kwenye benchi lile, na vyote viwili vilikuwa kweli. Kisha nikaandika: limeokotwa ufukweni, mwenyewe hajulikani. Nikasaini jina langu kamili.

Masanja alikuwa anajua kusoma. Aliinama juu ya meza, akafuata mstari kwa kidole, taratibu.

"Hajulikani," akasema. "Mimi?"

"Wewe."

Alimaliza chai yake, akachukua fimbo fupi aliyokuwa ameiegemeza ukutani, akatoka kuelekea majini. Ninyi ndio mtakaorithi makabati ya ofisi ile, na siku moja mtaikuta fomu hiyo. Mkitaka kuisahihisha, jina lake mnalo sasa.